Somo: Namna ya kusoma diwani nyumbani, mtoto na mtu mzima kwa kitabu kimoja

Watu wengi hununua diwani, yaani kitabu cha mashairi, huisoma kurasa tatu au nne kwa kasi ile ile wanayosomea riwaya, kisha huirudisha kabatini wakisema kwamba mashairi ni magumu. Shairi la Kiswahili lilighanwa kabla halijachapwa, na anayelisoma kwa macho peke yake huacha nusu yake kitabuni. Somo hili linaeleza jinsi mtu mzima anavyoweza kuisoma diwani kwa ajili yake mwenyewe na, kwa kitabu hicho hicho, akamsomea mtoto.

Hatua ya kwanza: Kukijua kitabu

Usianzie shairi la kwanza. Pitia yaliyomo, soma dibaji, na utazame kama kitabu kina sherehe, yaani orodha ya maneno magumu na maana zake, ambayo aghalabu huwekwa mwishoni. Kisha chagua mashairi mawili au matatu mafupi ambayo vichwa vyake vimekuvuta, uanze na hayo.

Hatua ya pili: Kusoma kwa sauti na kuhesabu mizani

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Tarbia, ambayo ni shairi lenye mishororo (mistari) 4 katika kila ubeti, mara nyingi huwa na mizani, yaani silabi, 16 katika mshororo, 8 katika kila kipande, yaani nusu ya mshororo. Ubeti ufuatao nimeutunga kwa ajili ya zoezi hili tu:

Giza linapoingia, na wazee wameswala,
Bibi hutusimulia, kisa cha chui na swala,
Nasi tukimsikia, twasahau hata kula,
Bibi, endelea bibi, usiku haujalala.

Usome mara ya kwanza polepole, ukipiga meza kidole kwa kila silabi, na utue penye mkato, pale kipande kinapoishia. Mara ya pili usome bila kuhesabu, ukiyaacha maneno yakubebe. Mara ya tatu utafute mahadhi, yaani sauti ya kuimbia, hata kama sauti yako si ya kusifiwa. Mtoto hatakucheka, na akicheka atakuwa amesikiliza.

Katika kuhesabu utagundua mambo ambayo jicho halikuyaona. Nimesema "twasahau" kwa sababu "tunasahau" ingekifikisha kipande mizani 9. Tena nimesema "wameswala" mahali ambapo katika mazungumzo tungesema "wameswali", kwa kuwa nilihitaji kina, yaani silabi ya mwisho inayofanana, cha "la". Kubadili herufi kwa ajili ya kina huitwa tabdila, na ni sehemu ya uhuru ambao washairi wamejipa tangu zamani. Msomaji asiyelijua hilo hudhani kwamba mtunzi amekosea, au kwamba yeye mwenyewe hajui Kiswahili, na yote mawili si kweli.

Katika utenzi (au utendi), yaani shairi refu la beti zenye vipande vifupi, hesabu ni nyepesi zaidi: kila kipande kina mizani 8, na kina cha mwisho cha ubeti, ambacho ni kina cha bahari, hubaki kile kile toka mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana watoto huzikariri tenzi upesi kuliko sisi.

Hatua ya tatu: Maneno magumu

Usisimame kwa kila neno. Maliza shairi zima kwanza, kisha urudi kwenye yale maneno ambayo bila hayo maana haikamiliki. Mengi yaonekanayo mageni ni maneno tuliyoyazoea, ila yamevaa lahaja nyingine: "mato" ni macho, "nti" ni nchi, "ndia" ni njia, "moya" ni moja. Anayejua kwamba "ch" ya Kiswahili sanifu mara nyingi huwa "t" katika lahaja za kaskazini, kama Kimvita cha Mombasa na Kiamu cha Lamu, amekwisha kufungua mlango mkubwa.

Hatua ya nne: Kuuliza nani anasema, na anamwambia nani

Mwana Kupona, mshairi wa kike wa zamani, alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, ili amuusie binti yake. Shaaban Robert (1909–1962) naye aliwatungia watoto wake tenzi za wosia, Hati kwa binti na Adili kwa mwana wa kiume. Ukijua hayo, sauti yako ya kusoma hubadilika, kwa maana wosia hausomwi kama tangazo. Sikubaliani na kila agizo ambalo Mwana Kupona analitoa kuhusu mke na mume, wala simsomei mtoto mdogo utendi ule wote. Lakini kijana wa kike aliyekwisha kupata akili ya kubishana anastahili kuusoma pamoja na mama yake, na wabishane.

Mashairi mengine yana watu wawili wa kuyasikia kwa wakati mmoja. Katika Sauti ya Dhiki, diwani ya Abdilatif Abdalla iliyotoka mwaka 1973, limo shairi la mamba. Mtoto atamsikia mnyama wa mtoni. Mtu mzima, akijua kwamba mtunzi aliyaandika mashairi hayo gerezani, alikofungwa kwa sababu ya maandishi ya kuipinga serikali, atasikia habari ya mwenye nguvu anayejiona hatakufa. Usiharakishe kumfafanulia mtoto maana ya pili. Mwache amwogope mamba kwanza.

Hatua ya tano: Kumpa mtoto kazi

Mtoto akae na kiitikio. Wewe soma mishororo mitatu, naye aitikie wa nne. Kwa watoto wakubwa tafuta mashairi ya kujibizana, au ngonjera, ambazo mshairi Mathias Mnyampala alizieneza Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967, ili kila mmoja awe na upande wake.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu ana miaka 6 na huchoka baada ya ubeti mmoja. Nimlazimishe?
Jibu: Marahaba. Usimlazimishe. Ubeti mmoja kwa usiku unatosha, na kesho urudie ule ule kabla ya kuongeza wa pili. Watoto hupenda kurudiarudia; anayechoka na marudio ni mzazi.

Swali: Je, mashairi huru, yasiyo na vina wala mizani, nayo husomwa kwa sauti?
Jibu: Naam, na pengine yanadai uangalifu zaidi, kwa kuwa hakuna kina cha kukuonyesha pa kutua. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974 ubishi ulikuwa mkali, na wapo waliokataa kabisa kuyaita mashairi. Fuata mkato wa mstari kama mtunzi alivyouweka: mstari wenye neno moja upewe pumzi yake. Kwa mtoto mdogo, hata hivyo, ningeanza na yenye vina.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Tunafundishwa kutafuta dhamira, mafunzo na tamathali za usemi tu, na sasa diwani inanichosha. Nifanyeje, mwalimu?
Jibu: Uchambuzi huna budi kuufanya, mtihani ni mtihani. Lakini badilisha mpangilio: soma shairi kwa sauti siku ya kwanza bila kalamu mkononi, na kalamu uishike siku ya pili.

Swali: Neno halimo kwenye sherehe wala kwenye kamusi. Je, nilipite?
Jibu: Kwanza jaribu kubadilisha herufi kama nilivyoeleza katika hatua ya tatu. Pili, hesabu mizani ya kipande: ikitimia 8 kwa namna neno lilivyo, huenda limefupishwa au limerefushwa, nawe ongeza au punguza silabi uone litafanana na lipi unalolijua. Likikataa bado, andika pembeni kwa penseli maana unayoikisia, uendelee na beti zilizobaki, kisha umwulize mtu mzima wa Lamu, Mombasa au Unguja kulingana na alikotoka mtunzi. Msomee ubeti wote, usimtajie neno lenyewe peke yake.