Kuchaji Gari la Umeme kwa Stesheni ya Kubebeka: Kebo, Ampea na Ethi

Anayeendesha gari la umeme katika mikoa ya Mtwara na Lindi hupanga safari kwa kujiuliza kwanza soketi ya mwisho iko wapi. Nissan Leaf ya miaka ya mwanzo, iliyotoka kiwandani na betri ya uniti 24, huwa imekwisha kupoteza sehemu ya uwezo huo inapofika kwetu kutoka Japani, na zile kilomita 100 na ushei kati ya Mtwara na Lindi huwa mtihani kwake. Ndiyo maana wengi huulizia stesheni ya umeme ya kubebeka, yaani sanduku lenye betri, inveta ya kuugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, na soketi, wakitarajia kuliweka kwenye buti na kuchomeka kebo ya gari popote chaji itakapowaishia. Jambo hilo linawezekana, ila linadai hesabu kidogo na kebo inayofaa.

Uniti moja unayoinunua kwa LUKU ni kilowati-saa 1, nayo huliendesha gari dogo la umeme kilomita 6 au 7. Stesheni ya uniti 2, ambayo kuibeba peke yako ni kazi, haitakupa zote mbili, kwa kuwa sehemu hupotea kwenye inveta na sehemu nyingine kwenye chaja iliyo ndani ya gari, hasa gari linapochajiwa polepole. Tegemea uniti moja na nusu, sawa na kilomita 10 hivi. Huo ni mwendo wa kutoka Mikindani hadi Mtwara mjini, lakini hautakutoa Mtama na kukufikisha Lindi. Kwa maoni yangu stesheni inunuliwe kwa nia ya kulifikisha gari kwenye soketi iliyo jirani, na kwa nia hiyo ina thamani kubwa.

Kanuni ya kimataifa ya uchajiaji wa aina hii imeweka ampea 6 kuwa kiwango cha chini kabisa. Kwa umeme wa volti 230, hizo ni wati 1,380 mfululizo kwa zaidi ya saa nzima. Stesheni ya wati 1,000 itajizima hata kama imeandikwa kwamba inahimili wati 2,000, kwa sababu namba hiyo kubwa huwa ni ya muda mfupi tu, kwa mfano mota inapowaka. Tafuta yenye wati 1,800 au 2,000 za mfululizo, ya volti 230, inayotoa wimbi laini la umeme kama la TANESCO.

Kebo nayo isomwe kabla ya kuchomekwa. Ile inayokuja na gari kutoka Japani mara nyingi ni ya volti 200 na ampea 15, plagi yake haiingii kwenye soketi zetu za miguu mitatu, na haina kitufe cha kupunguza ampea. Ukiilazimisha, gari litadai wati 3,000 hivi na stesheni itazima. Kebo inayofaa ni ile yenye kiboksi katikati kinachokuruhusu kuchagua ampea 6, 8, 10 au 13, na yenye kichwa kinacholingana na gari lako, cha pini tano kwa magari mengi ya Japani na cha pini saba kwa ya Ulaya. Wengi hukiita kiboksi hicho chaja, ilhali chaja yenyewe imo ndani ya gari. Kazi ya kiboksi ni kukagua ethi, yaani waya wa usalama unaoelekea ardhini, kuliambia gari livute ampea ngapi, kisha kuruhusu umeme upite.

Hapo kwenye ethi ndipo watu hukwama, na naomba pasomwe kwa utulivu. Katika umeme wa nyumbani waya wa nyutro umeunganishwa na ardhi, kwa hiyo ukipima kati ya laivu, yaani waya unaoleta umeme, na ethi unapata volti 230 au karibu yake. Ndani ya stesheni nyingi, laivu na nyutro zote zimeachwa bila kuunganishwa na ethi. Kiboksi kikipima hukuta volti pungufu, pengine nusu tu, huhitimisha kwamba ethi haipo, na kuwasha taa nyekundu. Siku jambo hili liliponipata, uani Mikindani, nilihamisha plagi soketi tatu na kufuta pini moja moja kwa kitambaa nikidhani ni chumvi ya bahari, kumbe kebo ilikuwa nzima na stesheni nzima.

Dawa yake ni plagi isiyo na waya nje, ambayo ndani yake pini ya nyutro na ya ethi zimeunganishwa. Huchomekwa kwenye soketi ya pili ya stesheni ileile. Soma kwanza kitabu cha stesheni, maana baadhi zimekwisha kuunganishwa kiwandani na watengenezaji wengine wanakataza jambo hili. Plagi hiyo itengenezwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, ipakwe rangi nyekundu, iandikwe STESHENI TU, na isihifadhiwe pamoja na plagi za nyumbani. Ikiingia kwenye soketi ya ukutani iliyofungwa kinyume, laivu ikiwa mahali pa nyutro, umeme huenda moja kwa moja kwenye bodi ya friji ambayo mtoto ataigusa. Wala usiitumie plagi hiyo wakati stesheni imechomekwa kwenye umeme wa TANESCO, kwa kuwa stesheni nyingi wakati huo huunganisha soketi zake na nyaya za nyumba moja kwa moja.

Wakati wa kuchaji, weka stesheni kivulini nje ya gari, mahali pakavu, feni zake zikiwa wazi. Washa soketi zake, chomeka kebo bila ekstensheni, chagua ampea 6, na usubiri kiboksi kimalize kujikagua ndipo uingize kichwa kwenye gari. Utasikia mlio mdogo, tak, ndani ya kiboksi, na baada ya sekunde chache wati kwenye kioo cha stesheni zitapanda hadi 1,400 hivi. Baada ya dakika 15 gusa plagi kwa kiganja: vuguvugu si tatizo, lakini ikiwa huwezi kukiacha kiganja hapo, simamisha. Kumaliza huanzia upande wa gari. Bonyeza kitufe cha kichwa, kitoe, kisha ndipo uchomoe plagi kwenye stesheni, kwa maana kuchomoa plagi umeme ukiwa unapita huunguza pini.

Gari likikataa kuitika kabisa, angalia betri yake ndogo ya volti 12, kwa sababu ikiisha gari halipokei chaji hata kama kebo haina kasoro.

Hewa ya bahari hula shaba upesi, kwa hiyo kichwa cha kebo kifunikwe kwa kifuniko chake kila kinapotolewa, na kebo ikunjwe kwa mizunguko mipana bila kuvunjwa kwenye shingo ya kiboksi. Stesheni isiachwe ndani ya gari lililofungwa juani. Isipokuwa na kazi ikae na chaji ya asilimia 50 hadi 60, na ijazwe usiku wa kuamkia safari.