Kapaka ka wiki tatu kana viroboto? Weka dawa pembeni, tafuta kitana

Wadau, mi nina duka la dawa za mifugo huku Mwanjelwa, Mbeya, na ikishaanza ile baridi ya mwezi wa sita haipiti wiki mtu hajaja na kapaka ndani ya koti. Maneno ni yaleyale, "Dokta nipunguzie ile ya kuogeshea ng'ombe, ya buku tu, kana viroboto hatari." Nakataa. Zamani nilikuwa sikatai, nilikuwa nachovya kidole kwenye dawa iliyozimuliwa nampaka mnyama shingoni naona nimemsaidia, mpaka siku moja kamoja kakaanza kutetemeka, mate yanamwagika, jioni kakafa. Kosa lilikuwa langu, sio la mteja.

Sasa kabla ya hatua, elewa kinachoua. Dawa nyingi za ng'ombe, za mbwa na za kupuliza mbu zina sumu ya wadudu inaitwa pamethrini, au ndugu zake kama saipamethrini. Mbwa ini lake linaivunja, la paka linashindwa, kwahiyo sumu inakaa mwilini inavuruga mishipa ya fahamu. Kitoto ndo balaa zaidi, ini halijakomaa, ngozi nyembamba, halafu mama yake anakilamba, hapo umewalisha sumu wawili. Na piga hesabu, ng'ombe wa kilo 300 ni sawa na vipaka 1,500 vya gramu 200. Hiyo "kidogo tu" yako umepima na nini?

Kuna wale wa "mi naweka pareto, ni ya asili, inalimwa hapahapa kwetu." Ni kweli inalimwa huku milimani na kiwanda kiko Mafinga, ila hiyo pamethrini yenyewe ilitengenezwa kwa kuiga sumu ya ua hilohilo. Ya asili inaisha nguvu haraka juani, sawa, lakini maua umesaga mwenyewe kwenye kinu, nguvu yake unaijuaje? Usiweke. Dawa ya unga ya wadudu wa kuku usiweke, mafuta ya taa usiweke, Dettol nayo usiogeshee, paka haiwezi.

Hatua ya 1: jua umri na uzito. Macho yamefumba, hajafika wiki mbili. Masikio yamesimama na anatembea kilevilevi, kama wiki tatu. Pima kwenye mizani ya jikoni, andika. Dawa nyingi za matone za paka zinaanzia wiki 8, na zingine lebo inataka umri pamoja na uzito, mfano nitenpiramu, kidonge cha kuua viroboto, ni wiki 4 NA gramu 900, sasa kapaka ka wiki 4 huwa kako kwenye gramu 400 na kitu, kwahiyo umri kamefikisha ila uzito bado. Watu wanasoma mstari mmoja wanaacha wa pili. Na usikate dozi ya paka mkubwa vipande vipande ukadhani umepunguza sawasawa.

Hatua ya 2: funua mdomo angalia fizi. Ziwe pinki. Zikiwa nyeupe au kijivu, kalegea, hakanyonyi, achana na huu mwongozo nenda kwa daktari wa mifugo sasa hivi, viroboto vimeshamaliza damu. Damu yote ya kapaka ka gramu 200 haijazi hata kijiko cha chakula, ndo maana na mimi sisemi muache viroboto viendelee kunywa, hivyo navyo vinaua.

Hatua ya 3, ndo kazi yenyewe. Chukua kitana cha chawa, kile cha meno yaliyobanana, na bakuli la maji yenye sabuni ya vyombo. Chana kuanzia shingoni, kidevuni, kwapani, mgongoni mpaka mkiani, kila mchano chovya kitana kwenye bakuli, kiroboto kinazama hakiruki tena. Ukiona vichenga vyeusi weka kwenye tishu iliyolowa, vikitoa wekundu ujue ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu. Asubuhi na jioni, kila siku. Inachosha, najua.

Kuogesha? Chini ya wiki nne mi siogeshi, napangusa na kitambaa chenye vuguvugu, maana hakajaweza kujitunzia joto na Mbeya ya mwezi wa saba unaijua. Kikubwa kidogo, maji ya kiwiko kuyavumilia, anza kwa kuzungusha povu shingoni ili viroboto visikimbilie usoni, kichwa usizamishe, dakika chache tu, suuza, kausha na taulo mpaka kakauke kabisa. Pembeni weka chupa ya maji ya moto uliyoviringisha kitenge. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa hapana, mtaondoka wote.

Hatua ya 4: mama na kiota. Mama apewe dawa ya paka inayoruhusiwa kwa anayenyonyesha, selamektini ni mojawapo, tone kisogoni baada ya watoto kunyonya, ikauke ndo arudi. Kitambaa cha kulalia fua kwa maji ya moto sana, anika juani, badilisha kila siku mbili. Kiroboto jike kinaweza kutaga mayai 40 kwa siku na yote yanadondokea humo, unavyoviona kwenye manyoya ni wachache tu.

Ikitokea mtu ameshapaka dawa: osha na sabuni ya vyombo na vuguvugu, kausha, kape joto, chukua chupa au pakiti uende nayo kwa daktari. Maziwa hayaondoi sumu hii, na usimtapishe. Usingoje atetemeke, dalili zinaweza kuchelewa saa kadhaa.

Juzi kaja bibi mmoja wa Uyole na vitatu kwenye kikapu, nikapima, kikubwa gramu 640. Nikamwambia bibi, bado, rudi baada ya wiki mbili, chukua kitana. Kanilalamikia mpaka mlangoni, eti duka la dawa halafu namuuzia kitana.