Udongo wako unashuka mto Zigi, anza kuua mwendo wa maji

Mvua kubwa ikikatika usikimbilie kuangalia mahindi tu, chuchumaa uangalie chini. Ukikuta vijiwe vimesimama kila kimoja juu ya kidongo chake kama uyoga na mizizi iko nje nje, ujue matone yameshabeba udongo wa pembeni, umebaki ule uliokingwa na kijiwe basi. Urefu wa hicho kidongo ndo udongo ulioondoka.

Huku Amani, Usambara Mashariki, tunasema shamba limechoka, mi naona limehama. Huu udongo wetu mwekundu ni mwamba wa Usambara uliooza taratibu kwa mvua, joto na mizizi, sentimita moja tu ni kazi ya miaka mia na zaidi, halafu masika moja inaupeleka Zigi. Mto ukiwa na kasi mlimani unabeba mpaka kokoto, ukifika tambarare nguvu zinaisha unaanza kutua mizigo, mchanga kwanza, tope laini linaenda mpaka Mabayani kwenye bwawa ambalo Tanga mjini wanakunywa. Wa bondeni mboga zake zinastawi kwa rutuba yako wewe wa juu (inauma ila ndo hivyo).

Dawa ni matuta ya fanya juu. Chimba mtaro futi mbili kwa mbili, udongo utupe upande wa juu, ukilowa vizuri panda mabingobingo au majani ya Guatemala kwenye tuta, ng'ombe nae apate chake. Misimu ikienda udongo unajaa nyuma ya tuta, ngazi inajitengeneza yenyewe.

Wengi tunaharibu kwenye kupima, maana mtaro unatakiwa ukatishe mteremko ukiwa levo mwanzo mpaka mwisho. Mi mwaka wa kwanza nilipima kwa macho, mtaro ukalala upande mmoja kidogo tu, mvua ya kwanza maji yote yakakimbilia huko yakakata tuta, nikapata korongo ambalo sikuwa nalo! Tengeneza fremu A, kipimo chenye umbo la herufi A, miti miwili ya mita mbili, mmoja wa kukatisha, na kamba yenye jiwe ining'inie toka juu. Simamisha, weka alama kamba inapogusa mti wa kukatisha, geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili, katikati yake ndo levo. Tembea nayo kamba ikiwa hapo katikati, ukichomeka vijiti mtaro utakapopita.

Walio kando ya mto, sheria ya mazingira ya 2004 imeweka mita 60 toka ukingoni za kulinda mto, hapo acheni majani yachuje tope.

Na chimbeni vuli ikiishaisha tu udongo ungali laini, mkingoja Februari jembe litadunda.