Umeibiwa kwenye akaunti? Usitoke benki bila nakala yenye muhuri

Duka langu la stesheni liko Ngamiani, Tanga, na kazi yangu kubwa ni kuwachapia watu barua: maombi ya kazi, mikataba ya kupangisha nyumba, barua za shule. Siku hizi zimeongezeka barua ambazo nazichapa roho ikiniuma, za watu walioamka wakakuta akaunti imekombwa. Wengi hufika kwangu tukio limeshapoa. Walikwenda benki, wakazungumza na mtu dirishani, wakaambiwa "tunalifanyia kazi", wakarudi nyumbani kungoja. Nikiwauliza namba ya malalamiko, hawana. Nikiwauliza nani aliwasikiliza, wananiambia ni dada mmoja hivi mrefu, mweupe. Kwenye mafaili ya benki mteja huyo hajawahi kulalamika.

Ninayowaambia ndiyo haya, na yanafuatana hivi hivi.

Saa ya kwanza ni ya kupiga simu. Hela ikihama kutoka benki kwenda kwenye laini ya simu, mwizi anaweza kuitoa kwa wakala au kuirusha kwingine ndani ya dakika chache. Benki na mitandao ya simu zimeunganishwa kwenye TIPS, mfumo wa Benki Kuu wa malipo ya papo kwa papo, kwa hiyo wepesi ule ule unaokusaidia kumtumia mwanao ada unamsaidia na mwizi. Piga huduma kwa wateja ya benki yako hata kama ni saa nane usiku. Namba ichukue nyuma ya kadi au kwenye tovuti ya benki yenyewe. Usiitafute Facebook, maana kuna kurasa zenye nembo ya benki zinazoendeshwa na matapeli, na mtu mwenye taharuki hujibu kila anachoulizwa.

Akipokea, usianze na hadithi ndefu. Mwombe mambo matatu: azuie akaunti na kadi, aondoe huduma ya benki kwa simu pamoja na simu yoyote iliyounganishwa na akaunti yako, na awasiliane sasa hivi na benki au mtandao uliopokea hela ili izuiwe isitolewe. Kabla hajakata, chukua namba ya malalamiko na jina lake, uandike kwenye karatasi pamoja na saa. Kama hela imeingia kwenye namba ya simu, azima laini ya mtandao huo kwa jirani upige 100, namba ambayo mitandao yote ya Tanzania inaitumia kwa huduma kwa wateja. Meseji ya tapeli nayo ipeleke 15040, ambako TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, hupokea taarifa za namba za kitapeli.

Ikiwa laini yako ilikata mtandao ghafla huku za wenzako zinashika, kuna uwezekano mtu ameisajili upya kwenye kadi nyingine ya simu, na namba za uthibitisho za benki sasa zinaingia kwake. Piga benki kwa simu ya mtu mwingine, kisha kimbilia duka la mtandao wako na namba yako ya NIDA, uweke alama ya kidole, urudishiwe laini. Ukishaipata piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoijua omba iondolewe hapo hapo.

Nyumbani kila mtu atakuwa na ushauri. Kijana atasema simu imeingiliwa, ifutwe yote ianze upya. Mkatalie kwanza. Meseji za benki, namba iliyokupigia na muda iliopiga, jina la aliyepokea hela, kumbukumbu namba ya muamala, vyote vimo kwenye simu hiyo. Piga skrinishoti, zitume kwenye barua pepe yako au kwa mtu unayemwamini, halafu ndiyo fundi aiguse.

Benki ikifungua, nenda na kitambulisho, kadi na simu yenyewe. Usipange foleni ya kuweka na kutoa. Nenda meza ya huduma kwa wateja, na wakikuzungusha omba kumwona meneja wa tawi. Chukua steitimenti inayoanzia siku kadhaa kabla ya wizi, kwa sababu mara nyingi wezi huonja kwanza kwa kiasi kidogo, na mwenyewe huenda hukukiona. Ikiwa uliibiwa kwa kadi kwenye manunuzi ya nje, sema mapema kwamba unaupinga muamala huo ujaziwe fomu yake. Benki hudai kupitia Visa au Mastercard, na huko kuna muda wa mwisho wa kudai.

Kisha toa barua. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotezea haki yao. Barua iwe fupi, ya ukurasa mmoja, nakala mbili. Mimi huiandika hivi:

"Mimi ni mmiliki wa akaunti namba (…). Tarehe (…), saa 4:12 usiku, zilitolewa shilingi (…) kwenda namba (…), kumbukumbu namba ya muamala (…). Muamala huu sikuufanya wala sikumruhusu mtu kuufanya. Nilitoa taarifa kwa simu saa 4:40 usiku huo huo, nikapewa namba ya malalamiko (…). Naomba nirudishiwe fedha hizo. Naomba pia nijulishwe kwa maandishi: ni simu gani iliyotumika kuingia kwenye akaunti yangu, iliunganishwa lini, na namba ya uthibitisho ilitumwa kwenye laini ipi. Naomba kujulishwa tarehe nitakayopata jibu."

Hayo maswali ya simu na laini usiyatoe hata ukiambiwa barua ni ndefu. Bila hayo, mazungumzo yote yatabaki kwenye "labda ulimpa mtu namba ya siri". Ukiyaweka, benki inalazimika kufungua kumbukumbu zake, ambazo wewe huna.

Niliwahi kumsindikiza mama mmoja muuza samaki wa Deep Sea kupeleka barua kama hiyo. Kijana wa mezani aliipokea kwa heshima, akaiweka kwenye trei.

"Sawa mama, tumeipokea. Wewe nenda tu, tutakupigia."

"Ahsante mwanangu. Nigongee basi muhuri kwenye hii nakala yangu, uandike na tarehe na jina lako."

Kijana akasita, akasema ngoja amuulize mkubwa wake. Akaingia ndani, akatoka na bwana wa makamo aliyevuta kiti, akaitoa barua kwenye trei akaanza kuisoma mstari kwa mstari, akiuliza maswali. Ombi la muhuri ndilo lililomtoa ndani mtu mwenye uwezo wa kufanya jambo. Nakala ile mama aliondoka nayo.

Utaulizwa kama ulimtajia mtu namba ya siri au namba ya uthibitisho. Sema kweli. Kama hukutaja, iandikwe wazi kwamba hukutaja. Kama ulidanganywa ukataja, andika nani alipiga, kwa namba gani, alijitambulisha vipi, na hasa alijua nini juu yako. Aliyekutajia jina lako kamili na salio lako alizipata wapi taarifa hizo? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inambana kila anayetunza taarifa za watu, benki ikiwemo. Ni kweli kwamba aliyetaja namba ana kesi ngumu zaidi, lakini ukificha na kumbukumbu za simu zikaonyesha, hata yale ya kweli hayatasikilizwa. Nawaona wazee wetu wanavyoinamisha kichwa wakifika hapo, wengine hawataki hata watoto wao wajue. Mzee aliyedanganywa na watu wanaofanya kazi hiyo kutwa kucha hana la kuonea aibu. Watoto, msimgombeze, kaeni naye mpaka akumbuke kila neno aliloambiwa.

Polisi ni lazima, na hapa kuna kosa naliona kila mara dukani. Mtu anakuja nimjazie Loss Report mtandaoni, anadhani hiyo ndiyo RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa iliyoandikishwa polisi. Siyo. Loss Report ni ya kitu kilichopotea, kama kadi au cheti. Ukiipeleka benki kwa suala la wizi, unakuwa umesema mwenyewe kwamba kadi ilikupotea. Nenda kituoni, kwa sisi wa mjini ni Chumbageni. Fungua jalada la wizi wa mtandao, upewe RB. RB haiuzwi. Makosa haya yamo kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na polisi ndio wenye njia ya kisheria ya kuidai kampuni ya simu ieleze namba iliyopokea hela ni ya nani. Wewe hata ukienda na machozi hawatakwambia. Namba ya RB iongeze kwenye faili lako la benki kwa barua nyingine fupi, nayo igongwe muhuri.

Wapo wanaoniuliza kuhusu Bodi ya Bima ya Amana. Ile hulipa wenye amana benki inapofilisika. Kwa wizi, anayedaiwa jibu ni benki yako.

Katika siku za kungoja, jihadhari na simu ya pili. Atapiga mtu mwenye sauti ya upole: "Natoka makao makuu, fedha yako imepatikana, nisomee namba iliyoingia sasa hivi." Huyo ni mwizi, pengine yule yule, maana anajua umeibiwa. Kata. Mwenye habari ya kweli mfuate tawini kwako.

Benki ikikukatalia kwa sababu usizoridhika nazo, au ikinyamaza tu, nenda Benki Kuu ya Tanzania. Ina dawati la malalamiko ya wateja, na kuna Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019. Sharti lake kubwa ni kwamba uwe umeanzia benki yako, na nakala zako zenye muhuri ndizo zinazothibitisha. Tanga hatuna tawi la Benki Kuu. Ofisi ziko Dodoma, Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Mbeya, Mtwara na Zanzibar, lakini malalamiko yanaweza kutumwa kwa maandishi bila kupanda basi.

Barua ya Benki Kuu isiwe na hadithi mpya. Tarehe, kiasi na namba ya muamala viwe vile vile vya barua ya kwanza. Ongeza tu benki ilijibu nini na lini, au kwamba haikujibu. Ambatisha steitimenti, skrinishoti, RB na barua zote. Nakala mpelekee meneja wa tawi lako siku hiyo hiyo, ajue suala limeshafika juu.