Foleni ya diski kwenye seva pepe: anza na betri, draiva baadaye

Maelezo haya ni ya ofisi ya Kigoma yenye seva mama moja au mbili, ESXi (programu ya VMware inayoendesha seva pepe) juu yake, na diski nane hivi za kuzunguka nyuma ya kontrola ya RAID (kadi inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja). Ushauri ulioenea ni kupandisha foleni ya PVSCSI, yaani draiva ya diski ndani ya seva pepe, kutoka maombi 64 ya kusoma au kuandika hadi 254. Palipo na diski za flashi au SAN (hifadhi ya diski kupitia mtandao) yenye nguvu, unafaa. Kwa diski za kuzunguka, piga hesabu kwanza: diski ya mizunguko 10,000 kwa dakika humudu takriban maombi 130 kwa sekunde, kwa hiyo nane zinafika kama 1,000. Maombi 64 yakiwa kwenye foleni, la mwisho hungoja milisekunde 64. Yakiwa 254, hungoja robo sekunde. Kupanua geti la bandari hakuongezi makuli.

Kwa hiyo pima, tena wakati wa kazi nyingi. Ingia seva mama kwa SSH, andika esxtop, bonyeza u. DAVG (muda ambao kontrola na diski huchukua kujibu ombi) ikikaa juu ya milisekunde 20, tatizo liko kwenye kontrola au diski. KAVG (muda ambao ombi hukaa ndani ya ESXi) ikizidi milisekunde 2 na QUED (maombi yanayosubiri) si sifuri, maombi yanakwama ndani ya ESXi. Zote zikiwa chini lakini watumiaji bado wanalalamika, ingia kwenye seva pepe yenyewe: kwa Linux endesha iostat -x 5 uangalie aqu-sz, wastani wa urefu wa foleni. Ikikaa juu ya 64, hapo ndipo foleni ya draiva inabana.

DAVG ikiwa juu, usiguse draiva. Kagua betri ya kontrola (au kapasita, kwa kontrola mpya). Ikichoka, kontrola huacha kuandika kwanza kwenye kumbukumbu yake, ikawa inangoja diski kwa kila andiko. Hifadhidata iliyokuwa nyepesi jana inakuwa nzito leo, na hakuna aliyebadilisha chochote. Kwenye kontrola za LSI au Dell:

storcli /c0/vall show
perccli /c0/vall show

Safu ya Cache ikiwa na WB (write back, yaani kuandika kwanza kwenye kumbukumbu) isiyotanguliwa na A, mambo ni sawa. WT (write through) maana yake kumbukumbu haitumiki kuandikia. Kuna anayelazimisha AWB (WB ya daima, hata bila betri) ili kasi irudi. Tafadhali usifanye hivyo: umeme ukikatika na UPS ikaishiwa, maandiko yaliyokuwa kwenye kumbukumbu hupotea na hifadhidata inaweza kuharibika. Agiza betri mapema, maana kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Angalia pia aina ya RAID: kwenye RAID 5 kila andiko dogo hugharimu kazi nne za diski, kwenye RAID 10 mbili.

Ikithibitika kwamba foleni ya draiva ndiyo inayobana, tenganisha diski kabla ya kupandisha namba. Seva pepe moja hubeba kontrola nne za SCSI: mfumo kwenye 0:0 (kontrola 0, nafasi 0), data 1:0, kumbukumbu za miamala (logi za hifadhidata) 2:0. Kila kontrola huja na foleni yake, na mara nyingi hilo pekee linatosha.

Diski ya kuwashia Windows usiihamishie PVSCSI moja kwa moja, itagoma kuwaka na kuonyesha skrini ya bluu. Ongeza kwanza diski ya GB 1 kwenye kontrola mpya ya PVSCSI, washa ili draiva ipakiwe, zima, ndipo ubadilishe ile kuu. Diski za data zikionekana Offline baada ya hapo, ziwashe kwa amri ya diskpart.

Kupandisha foleni kwenye Windows:

REG ADD HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\services\pvscsi\Parameters\Device /v DriverParameter /t REG_SZ /d "RequestRingPages=32,MaxQueueDepth=254"

Kwenye Linux, ndani ya /etc/modprobe.d/pvscsi.conf:

options vmw_pvscsi cmd_per_lun=254 ring_pages=32

Kisha update-initramfs -u kwa Ubuntu, au dracut -f kwa familia ya Red Hat. Hatua hii husahaulika sana: draiva hupakiwa kabla faili lako halijasomwa, na mabadiliko hayaonekani. Washa upya, hakikisha kwa:

cat /sys/module/vmw_pvscsi/parameters/cmd_per_lun

Futa snapshoti zote (nakala za hali ya seva pepe) kabla ya kupima tena, kwani nazo huzidisha kazi ya diski. Pima saa ileile ya siku, kwa kazi ileile. GAVG (jumla ya DAVG na KAVG) ikipanda huku idadi ya maombi kwa sekunde ikibaki palepale, rudisha 64.