Umegongwa Kigoma au Tabora? Namna ya kudai fidia

Aliyegongwa na bodaboda pale Mwanga au na basi barabara ya Tabora–Nzega anaweza kumdai dereva, mwenye chombo, na kampuni iliyokikatia bima. Madai mengi huangushwa na karatasi tu.

Aliyeumia vibaya apelekwe hospitali kwanza, iwe Maweni au Kitete. Ndugu mmoja aende polisi kufuata PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Akiwa kituoni achukue namba ya RB (namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni), jina la askari wa usalama barabarani anayepeleleza, na namba ya usajili ya chombo. Daktari akishajaza PF3, toa kopi kabla haijarudi polisi.

Sheria inamtaka kila mwenye chombo cha moto awe angalau na bima ndogo. Bima hiyo haitengenezi pikipiki yake. Ipo kwa ajili ya mtu aliyeumizwa nayo. Ingiza namba ya usajili kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, kwa simu, utaona kampuni iliyokata bima na kama ilikuwa hai siku ya ajali. Tunza picha ya majibu hayo.

Kampuni ya bima itataka PF3, PF90 (ripoti ya polisi ya ajali), ramani ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa chombo, taarifa ya daktari, risiti, na nakala ya hukumu ya kesi ya dereva. Hukumu ndiyo husumbua. Dereva akikiri kosa, kesi huisha asubuhi moja, faini ikalipwa, na majeruhi bado yuko wodini hana habari. Kwa hiyo mwulize mpelelezi namba ya kesi mapema, kisha omba mahakamani nakala iliyothibitishwa. Mwombe pia mwendesha mashtaka aiombe mahakama iamuru fidia pale dereva atakapotiwa hatiani. Mamlaka hayo mahakama inayo, ila asiyeomba husahaulika.

Risiti zina balaa lake. Karatasi ya mashine ya EFD hufutika maandishi, hasa ikikaa mfukoni au juani, na baada ya miezi michache unabaki na kikaratasi cheupe. Toa kopi siku hiyo hiyo. Dawa, picha za eksirei, nauli ya kwenda kliniki kutoka Uvinza au Kaliua: kila gharama unayoidai mahakama itataka uthibitisho wake. Maumivu na ulemavu havina risiti, hivyo kiasi chake hakimu hupima mwenyewe. Ukienda kwa mganga wa kuunga mifupa, usiache kliniki, maana bila rekodi za hospitali daktari atashindwa kueleza ulemavu wako umetokana na nini.

Usikimbilie kumalizana. Mfupa haujaunga, vyuma havijatolewa, na tayari unawekewa karatasi ya "malipo ya mwisho" usaini? Ukisaini, kurudi kudai zaidi ni vigumu mno. Ngoja daktari akadirie ulemavu kwa asilimia. Na vishoka wa wodini wanaotaka fungu la fidia, waache wapite.

Chombo kisipokuwa na bima, mdai dereva pamoja na mmiliki. Hapa bodaboda zinachanganya: pikipiki imeuzwa mara mbili na kadi haijabadilishwa jina, au dereva yuko kwenye mkataba, analipa kidogo kidogo hadi iwe yake. Washtaki wote wawili, wa kwenye kadi na aliyekuwa anaimiliki, mahakama itawachambua.

Muda wa kufungua shauri la madhara ni miaka 3 tangu kuumia. Mazungumzo na bima hayasimamishi muda huo, hata yakienda vizuri. Bima ikikataa au ikikuzungusha, peleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, huku ukihesabu miezi yako.

Ukiumia kazini, kwa mfano kwenye ghala la tumbaku Urambo, njia ni WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Huhitaji kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Mtaarifu mara moja, naye ana siku 7 kuripoti. Dai lenyewe liwasilishwe ndani ya miezi 12. Mchango ni wa mwajiri peke yake, hana ruhusa kukukata mshahara. Ulemavu wa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara, kwa muda usiozidi miezi 24.

Asiye na pesa ya wakili aanzie ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri, aulizie watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa. Msaidizi wa kisheria atakuandikia barua na kukuelekeza, ila kukusimamia mahakamani ni kazi ya wakili.