Farasi Anaumwa Tumbo: La Kufanya Kabla Daktari Hajafika

Farasi akikataa chakula, akaparua ardhi kwa kwato ya mbele na kugeuza shingo kutazama ubavu wake, mhesabu kuwa anaumwa tumbo. Wengine hukunja mdomo wa juu, hujinyoosha kama wanaotaka kukojoa wasikojoe, hulala na kuinuka kila mara, au hutoka jasho bila kazi. Tazama na sakafu ya banda. Farasi mzima hunya mara kadhaa usiku kucha, kwa hiyo banda lisilo na kinyesi asubuhi ni habari mbaya.

Hatari yenyewe inatokana na maumbile. Farasi hatapiki. Misuli ya mlango wa juu wa tumbo lake hubana kwa nguvu sana hata tumbo likifurika linaweza kupasuka kabla ya kitu kurudi juu. Utumbo mpana nao ni mkubwa, umejikunja, na sehemu yake kubwa haikushikizwa popote, hivyo hujaa gesi, huhama mahali pake na hata kujipinda. Upande wa kushoto kuna kona ambapo njia hupungua upana ghafla. Hapo ndipo majani makavu hukwama, hasa farasi akinywa maji kidogo au akiwa na meno mabovu.

Mpigie daktari wa mifugo mapema, hata kama maumivu yanaonekana madogo, kisha upime na kuandika saa ya kila kipimo. Mapigo ya moyo ndiyo yenye maana kuliko vyote: gusa mshipa ulio chini ya taya, au weka stetoskopu nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto, hesabu kwa sekunde 30 na uzidishe mara mbili. Farasi mzima aliyetulia ana mapigo 28 hadi 44 kwa dakika. Yakipita 60 hali ni nzito. Yakipita 80 huenda utumbo umejipinda au umeanza kufa. Rudia kila robo saa. Na kuna mtego unaodanganya wengi: farasi aliyekuwa akigaagaa akatulia ghafla, lakini moyo bado unakwenda mbio, hajapona. Huenda tumbo au utumbo umepasuka.

Ufizi uwe wa waridi na wenye unyevu. Ubonyeze kwa kidole. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ufizi mkavu, mwekundu sana au wa zambarau unaonyesha damu haizunguki vizuri. Joto la kawaida ni kati ya nyuzi 37.2 na 38.3 za Selsiasi, na homa huelekeza kwenye maambukizi. Mwisho, weka sikio ubavuni, juu na chini, kushoto na kulia, dakika moja kila mahali. Ngurumo zisikutishe sana. Ukimya ndio mbaya zaidi.

Ondoa chakula chote, pamoja na majani ya malalo kama anayala. Maji yaache, isipokuwa kama majimaji yanamtoka puani; hapo ondoa na maji, umwambie daktari mara moja. Mtembeze polepole dakika 10 hadi 15, umpumzishe, umtembeze tena. Kumzungusha saa nzima kunamchosha bure, na matembezi hayanyooshi utumbo uliojipinda. Akilala kwa utulivu, mwache. Akigaagaa kwa nguvu, mpeleke mahali pa wazi asijeruhiwe na kuta, nawe ukae mbali na miguu yake.

Usimnyweshe mafuta wala dawa yoyote ya maji kwa chupa. Mafuta huteleza kwenye njia ya hewa, na farasi aliyekuwa na tumbo tu anaishia na mapafu yaliyoharibika. Daktari hupitisha mrija puani hadi tumboni, na kwanza huutumia kutoa gesi na majimaji yaliyojaa. Dawa ya maumivu nayo isubiri ruhusa yake, kwa sababu huficha dalili zinazoamua kama upasuaji unahitajika. Usisukume mpira wa maji kwenye njia ya haja kubwa. Utumbo hutoboka kwa urahisi.

Farasi aliyevamia ghala la nafaka ni dharura hata kama anaonekana mzima. Wanga huchacha kwenye utumbo mpana, na sumu zake huweza kuleta uvimbe mkali ndani ya kwato saa nyingi baadaye.

Daktari akiruhusu chakula, anza na konzi chache za majani mabichi au majani makavu yaliyolowekwa, kila saa chache. Nafaka isubiri siku kadhaa. Baada ya hapo, badiliko lolote la chakula lifanyike kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 14. Farasi wa kilo 500 anahitaji angalau kilo 7.5 za majani makavu kwa siku, na nafaka isizidi kilo 2 kwa mlo mmoja. Anayelishwa kwenye udongo wa mchanga achunguzwe: koroga vipande vya kinyesi chake, visivyogusa ardhi, kwenye mfuko angavu wenye maji, uuning'inize kwa dakika 15. Mchanga ukituama chini, hamishia chakula chake kwenye hori na umweleze daktari.